Kamati za Misikiti: Amana au Usultani?

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, si mara moja wala mbili tumeshuhudia madrasa ikifungwa ilhali jengo lipo, wanafunzi wapo, na michango inakusanywa kila Ijumaa. Anayekosekana ni ustadh. Ameondoka kimya kimya baada ya miezi kadhaa bila posho, na kila alipouliza aliambiwa asubiri, malipo yake yako kwa Mola. Ni kweli, ujira wa Akhera uko kwa Mola. Lakini kodi ya chumba huidai mwenye nyumba.

Wengi husema tatizo ni fedha. Sisi tunaona tatizo kubwa zaidi ni mamlaka yasiyo na mipaka. Mwenyekiti ndiye mwenye ufunguo wa sanduku, ndiye mhasibu, ndiye anayeajiri na ndiye anayefukuza. Mjumbe huyu humwagiza imamu hili, yule humwagiza kinyume chake. Vikao haviandikwi, mahesabu hayasomwi.

Wema waliotangulia hawakuwa hivyo. Abu Bakr (r.a.) alipopewa bai'a mwaka wa 11 Hijria, alitoka na nguo zake kwenda sokoni kuchuma kama ilivyokuwa ada yake. Umar (r.a.) akamhoji vipi atasimamia mambo ya Waislamu hali yuko sokoni, naye akauliza, basi watu wa nyumba yake atawalisha nini? Akapangiwa posho kutoka Baytul-Mal. Hapa pana mafunzo mawili: mtumishi wa umma hulipwa kwa kazi yake, hata akiwa Khalifa, na anayelipwa siye anayejipangia.

Kwa upande mwingine, mtumishi naye huhesabiwa. Mkusanya zaka Ibn al-Lutbiyya aliporudi na kudai kuwa sehemu ya mali ni zawadi yake, Mtume (s.a.w.) alilikemea jambo hilo juu ya mimbari, akihoji kama angeletewa zawadi hiyo lau angekaa nyumbani kwa wazazi wake.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, kamati isimamie, isifanye kazi ya mudiri. Agizo litoke kwenye kikao na lipitie kwa mtu mmoja. Pili, imamu na ustadh wapewe mikataba ya maandishi, na posho zao zitangulie rangi na mazulia. Tatu, mahesabu yasomwe mbele ya waumini kila baada ya miezi mitatu. Nne, kiwanja kisiandikwe kwa jina la mtu. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318, inawezesha wadhamini kusajiliwa RITA na kuwa chombo kimoja kisheria. Mdhamini akifariki, mali hubaki ya taasisi, na warithi wake hawana cha kugombania.

Watakuwapo watakaosema kuwa wazee wetu walijenga misikiti bila ya makaratasi haya, na kwamba kudai maandishi ni kudhaniana vibaya. Allah awajazi kheri wazee wetu. Lakini aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inawaamrisha walioamini waandikiane madeni na kuweka mashahidi. Kuandika si tuhuma. Ni kinga ya udugu, na humlinda mwenyekiti mwaminifu kabla ya kumlinda mwingine yeyote.

Tuanze na jambo dogo. Ijumaa ijayo, baada ya swala, tuiulize kamati yetu kwa adabu: ustadh wa watoto wetu amelipwa lini mara ya mwisho?

Wabillahi tawfiq.