UCHAMBUZI: Picha za ubongo bado si kipimo cha maradhi ya akili

FAMILIA nyingi zenye mgonjwa wa akili huwa na tumaini moja: kwamba akipigwa picha ya ubongo kwa mtambo wa MRI, ugonjwa utaonekana wazi kama unavyoonekana mfupa uliovunjika. Tumaini hilo limechochewa na taarifa zilizodai, mwaka baada ya mwaka, kuwa wanasayansi wamegundua mahali sonona au skizofrenia inapojificha kichwani.

Hata hivyo, takwimu zinazotumiwa kuzisoma picha hizo zimewahi kuwapotosha watafiti wenyewe.

Mnamo 2009, mtafiti Craig Bennett na wenzake nchini Marekani walimtia samaki aina ya salmoni katika mtambo huo, wakamwonyesha picha za binadamu na kumtaka abainishe hisia zao. Samaki huyo alikuwa amekufa. Ajabu ni kwamba hesabu zilionyesha sehemu fulani ya ubongo wake ikifanya kazi.

Kiini cha kosa hilo ni rahisi kueleweka. Picha moja hugawanywa katika maelfu ya vipande vidogo, na kila kipande hupimwa peke yake. Mtafiti akipima vipande 100,000 huku akiruhusu kosa moja katika kila vipimo 1,000, vipande 100 vitaonekana kuwa hai kwa bahati tu. Asiposahihisha hesabu yake, atatangaza ugunduzi ambao haupo.

Mnamo 2016, Anders Eklund, Thomas Nichols na Hans Knutsson walichunguza programu tatu za kompyuta zinazotegemewa sana katika kazi hii. Walibaini kuwa baadhi ya mbinu zake, ambazo zilipaswa kutoa matokeo ya uongo kwa asilimia 5 pekee, ziliweza kuyatoa hadi asilimia 70.

Pigo jingine lilikuja 2022. Scott Marek na wenzake walichanganua data za watu wapatao 50,000, wakahitimisha kuwa uhusiano kati ya picha za ubongo na tabia au afya ya akili ni hafifu mno, na huhitaji maelfu ya watu ili uthibitike. Tafiti nyingi za awali zilikuwa zimehusisha watu wapatao 25.

Je, picha hizo hazina faida? La hasha. Mradi wa kimataifa wa ENIGMA ulilinganisha wagonjwa 1,728 wa sonona na watu 7,199 wasiougua. Matokeo yaliyotolewa 2016 yalionyesha kuwa hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, ni ndogo kidogo kwa wagonjwa.

Lakini neno 'kidogo' lina uzito hapa. Kwa tofauti hiyo, ukichukua mgonjwa mmoja na mzima mmoja bila kuchagua, mgonjwa atakuwa na hipokampasi ndogo zaidi takriban mara 54 kati ya 100. Sarafu ikirushwa hewani hutoa 50. Kinachosemwa kuhusu maelfu ya watu hakiwezi kumhukumu mtu mmoja aliyeketi mbele ya daktari.

Waswahili husema dalili ya mvua ni mawingu, ila si kila wingu hunyesha. Daktari huagiza picha ya ubongo ili kuhakikisha kuwa mgonjwa hana uvimbe, kiharusi au jeraha. Sonona yenyewe bado hutambuliwa kwa mazungumzo, historia ya mgonjwa na uangalifu wa mtaalamu.

Hilo lina maana kubwa nchini Kenya, ambako jopokazi lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza mnamo 2020 kuwa maradhi ya akili yatangazwe dharura ya kitaifa. Familia inayouza mbuzi ili ilipie picha itarudi nyumbani na karatasi isemayo ubongo hauna kasoro, na jamaa wataanza kudai kuwa mgonjwa anajifanya. Fedha hizo zingemfaa zaidi kwa dawa, na kwa nauli ya kumrejesha kliniki mwezi unaofuata.