Tiki moja haijafika

Wazazi wa Mtanga, Mwamgongo na Kagunga mnalijua hili kuliko mimi ninayeandika nikiwa mjini. Mlima ukikaa kati ya simu na mnara, bando linaisha muda wake hata hujalitumia. Kwa video za vichekesho si neno. Mtoto akiugua ni habari nyingine.

Siku hizi wengi tunapiga picha upele wa mtoto, tunamtumia nesi kwa WhatsApp, kisha tunakaa kusubiri. Tazama tiki. Ikiwa ni moja, ujumbe haujafika kwenye simu yake, na kila dakika unayosubiri inapotea bure. Picha na sauti zinataka data. Simu ya kawaida na meseji ya kawaida mara nyingi hupita hata data ikiwa imekwama, kwa hiyo piga. Haipiti? Washa alama ya ndege, hesabu hadi kumi, izime, jaribu tena. Na uzime data, maana simu inayohangaika kutafuta mtandao inakula chaji, na usiku wa homa chaji ni mali.

Ukiwa karibu na mpaka wa Burundi, soma jina la mtandao lililo juu ya kioo. Simu ikinasa wa jirani, namba fupi za nyumbani huenda zisiite. Ingia kwenye mipangilio uchague mtandao wako mwenyewe.

Namba zenyewe ni 115 ya m-mama, bure, kwa usafiri wa dharura wa mjamzito, mama aliyejifungua ndani ya siku 42 na mtoto mchanga hadi siku 28. Nyingine ni 199 ya Wizara ya Afya, nayo bure. Ziandike kwenye karatasi ubandike ukutani, kwa sababu baba akienda kuvua dagaa usiku, simu huenda naye.

Kuna dalili zisizosubiri mtandao wowote: mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, au amelegea na haamki. Hapo mtafute mwenye boti usiku huohuo. Kama anaharisha, koroga ORS kwa maji safi na salama, kiasi kilichoandikwa kwenye pakti (nyingi ni lita moja), umnyweshe kidogo kidogo mkiwa njiani. Mkifika mahali simu inashika, ndipo umpigie nesi ajue mnakuja.