Gundi Haijiuzi Yenyewe



Kila tunapozungumza juu ya vijana wanaonusa gundi, lawama humwendea mtoto moja kwa moja. Twasema ni mkaidi, ametoroka kwao, ameharibika. Ni nadra kusikia mtu akiuliza swali lililo jepesi zaidi: chupa ile aliyoibana mdomoni katika vichochoro vya Nairobi, Kisumu au Eldoret, aliipata kwa nani? Gundi ya viatu haioti porini. Hutengenezwa kiwandani, husafirishwa mchana, huuzwa dukani kwa mkebe. Kisha mtu mzima huigawa kidogo kidogo katika chupa za plastiki na kumwuzia mtoto ambaye mwenyewe hana hata kiatu cha kubandika. Hapo ndipo jambo hili linapokuwa la haki, wala si la tabia tu.

Mtoto wa mtaani hatafuti anasa. Mvuke ule humsahaulisha njaa, baridi na hofu ya usiku kwa dakika chache, naye hulazimika kurudia. Wala tusijidanganye kwamba haya ni ya watoto wa mitaani peke yao. Thina ya kuchanganyia rangi, petroli ya jenereta, gesi ya kujazia viberiti na marashi ya kupuliza vimo nyumbani mwetu, na kijana wa shule aweza kuvinusa akiwa amejifungia chumbani, bila senti moja kumtoka. Mzazi anayesikia harufu ya kemikali katika nguo za mwanawe, au kuona vipele kuzunguka pua na midomo, asiharakishe kudhani ni mafua.

Sumu iliyo katika gundi nyingi na thina ni kiyeyusho kiitwacho toluini. Mvuke wake hupita mapafuni, huingia katika damu na kuufikia ubongo kwa muda wa sekunde. Anayeunusa kwa miaka hupoteza kumbukumbu, mikono humtetemeka na mwendo wake huyumba hata siku ambayo hajanusa. Lakini si lazima miaka ipite. Mvuke huo huufanya moyo ushtuke upesi, hata kijana mzima aweza kufa ghafla, naam, mara ya kwanza kabisa, hasa akitiwa hofu au akikimbia muda mfupi baada ya kunusa. Tafadhali tulitafakari neno hilo. Kumkimbiza mtoto aliyelewa gundi kwa rungu na kelele, jambo tunalolitazama sokoni huku tukicheka, kwaweza kumwua. Aliyelewa apelekwe penye hewa safi, asemeshwe kwa upole. Akizimia alazwe ubavu na kupelekwa hospitali.

Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, wadai katika kifungu cha 33 kwamba mtoto akingwe na dawa za kulevya. Lakini dawa zinazotajwa hapo ni zile zilizoorodheshwa katika mikataba ya mataifa, na gundi na petroli hazimo katika orodha hizo. Muuzaji hujificha katika pengo hilo. Wengine wamejaribu kuliziba. Huko Uingereza sheria ya mwaka 1985 ilimlenga muuzaji: lilikuwa kosa kumpa aliye chini ya miaka 18 kitu cha namna hiyo, ikiwa mwuzaji alijua au alikuwa na sababu ya kuamini kwamba kitanuswa ili kulewa. Mwaka 1999 likaongezwa katazo la kuwauzia vijana hao gesi ya viberiti. Nchini Australia, kuanzia mwaka 2005, petroli yenye mvuke hafifu ilipelekwa katika vijiji vya Waaborijini vya katikati ya nchi, na idadi ya wanusaji ikapungua sana. Katika nchi hizo zote mbili, jitihada zilianza kwa watu wazima na bidhaa zao.

Fundi wa viatu anaihitaji gundi yake kama seremala anavyohitaji misumari, nasi hatudai ipigwe marufuku. Lakini wapo mafundi, wenye maduka ya vifaa vya ujenzi na wauza petroli tunaosali nao kila Jumapili. Tunaiomba kila jumuiya ndogo ndogo iwatembelee kabla ya mkutano ujao wa parokia, bila kuwashutumu, na kuwaomba mambo mawili: wasiigawe gundi katika chupa ndogo, wala wasimwuzie mtoto anayekuja peke yake, hata akidai ametumwa na fundi. Atakayekataa, wazee wa jumuiya wamrudie. Majibu yaletwe mkutanoni kwa maandishi, tupate kuyapeleka kwa chifu yakiwa na majina ya mitaa.