Mafundo Mengi au Uzi Mmoja? Maoni Juu ya Kushona Msamba

Kata ya Salale imo ndani ya delta ya Rufiji, katika Wilaya ya Kibiti iliyomegwa kutoka Wilaya ya Rufiji. Nchi yake imekatwakatwa na mikono ya mto inayopita kati ya mikoko, na huko Nyamisati barabara hukoma na safari ya maji huanza. Msafiri husubiri maji yajae. Mwanamke aliyejifungua juzi naye husubiri maji yajae, kisha huingia chomboni na kuketi juu ya ubao. Katika mashamba ya mpunga ya Warufiji yako madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ambamo familia huishi wakati wa kulinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe. Na hakuna njia ya kuingia dunguni ila kupanda ngazi.

Nimeanza na ubao na ngazi kwa sababu jambo ninalokusudia kulieleza huzungumzwa kwa kunong'ona, na mara nyingi halizungumzwi kabisa. Msamba ni sehemu iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa. Mtoto anapotoka, sehemu hiyo hutanuka mno na mara nyingi huchanika. Pengine mkunga huikata kwa mkasi ili kuongeza njia. Vitabu vyetu vya baiolojia humfundisha mwanafunzi habari za yai, mimba na kuzaliwa kwa mtoto, halafu hunyamaza, kana kwamba mwili wa mama hujifunga wenyewe kama mlango wenye chemchemi. Mwalimu asione haya kulitamka neno msamba darasani. Nusu ya wanafunzi wake huenda siku moja wakawa na jeraha hilo, na nusu ya pili wataishi na wenye nalo.

Waganga hugawa michaniko hiyo katika daraja nne. Ya kwanza ni ya ngozi tu. Ya pili hufika kwenye misuli ya msamba. Ya tatu hugusa msuli unaoizuia haja kubwa, na ya nne hufika hadi utando wa ndani wa njia hiyo. Daraja mbili za mwisho si kazi ya zahanati. Mgonjwa hana budi kupelekwa hospitali yenye chumba cha upasuaji na mtaalamu. Maoni yangu yahusu hasa daraja ya pili, ambayo wakunga wetu huishona mara kwa mara.

Kuna njia mbili kubwa za kuishona. Ya zamani ni kupiga mishono iliyoachana: kila mshono una fundo lake, nao hukatwa kabla ya kuanza mwingine. Ya pili ni kutumia uzi mmoja unaoendelea. Mkunga hufunga fundo juu ya mwanzo wa mchaniko, akateremka na uzi huo huo ukeni, akapita katika misuli, akarudi chini ya ngozi, na kumaliza kwa fundo la mwisho. Uzi haukazwi sana wala haupigwi tanzi njiani.

Mtu wa Rufiji hahitaji kufundishwa tofauti hiyo kwa mchoro. Amemwona mama yake akishona mkeka: shupatu huunganishwa ukingo kwa ukingo kwa uzi wa ukindu unaotambaa mfululizo. Mkeka ukivutwa upande mmoja, mvuto hugawanyika katika urefu wote wa mshono. Lau ungefungwa kwa mafundo mbalimbali, kila fundo lingebeba mzigo wake peke yake, na pale penye mzigo mkubwa ndipo ukindu ungekatika. Jeraha la msamba lina tabia moja zaidi ambayo mkeka hauna: huvimba. Katika siku za kwanza baada ya kujifungua maji hukusanyika katika nyama iliyoumizwa, ikafura. Fundo lililofungwa sawasawa siku ya kwanza huwa limebana mno siku ya pili. Uzi unaoendelea huachilia kidogo hapa na kuvuta kidogo pale. Fizikia ya jambo hili ni nyepesi kiasi cha kumfanya mtu ajiulize kwa nini ilichukua muda mrefu kulipima.

Lilipimwa. Mwaka 2002 mkunga Mwingereza Christine Kettle na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya jaribio lililohusisha wanawake 1,542 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Aina ya mshono iliamuliwa kwa bahati nasibu, ili asiwepo mtu wa kuwachagulia wenye jeraha jepesi njia anayoipenda yeye. Siku ya 10 wanawake waliulizwa kama wana maumivu. Kati ya walioshonwa kwa mafundo yaliyoachana, 44 katika kila 100 walisema ndiyo. Kati ya walioshonwa kwa uzi mmoja, 26 au 27 katika kila 100. Mwanafunzi na atoe, kisha agawanye 100 kwa jibu: ataona kwamba kwa kila wanawake 6 hivi wanaoshonwa kwa uzi mmoja badala ya mafundo, mmoja huepushwa maumivu ya siku ya 10. Ni dawa chache mno ziwezazo kujivunia hesabu kama hiyo, na hapa hakuna dawa iliyoongezwa. Mwaka 2012 yalikusanywa pamoja majaribio 16 kutoka nchi nane, yenye wanawake zaidi ya 8,000, na mwelekeo ukawa ni ule ule. Wengi huogopa kwamba uzi mmoja ukikatika, mshono wote utafumuka. Katika majaribio hayo haikuonekana kwamba walioshonwa kwa uzi mmoja walihitaji kushonwa upya zaidi ya wenzao.

Uzi wenyewe una habari yake. Kwa miaka mingi wakunga walitumia uzi wa utumbo, unaotengenezwa kwa tabaka la matumbo ya kondoo au ng'ombe. Ili usiyeyuke upesi mno, hutiwa chumvi za kromiamu, kemikali zile zile zinazotumika viwandani kutengeneza ngozi. (Delta ya Rufiji yaijua kazi hiyo kwa njia nyingine: wakati wa Wajerumani na wa Waingereza magome ya mikoko yalisafirishwa ng'ambo kwa ajili ya kutengenezea ngozi.) Uzi wa utumbo ni protini ya mnyama, na mwili huupiga vita, chembe nyeupe za damu huumeng'enya kwa vimeng'enya, na vita hivyo ndivyo joto na uvimbe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 uliondolewa sokoni Uingereza na katika nchi nyingine za Ulaya, kwa hofu ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe.

Uzi wa kisasa uitwao poliglaktini hauna mnyama ndani yake. Ni mnyororo mrefu wa kemikali ulioungwa kwa vifungo vya esta, na maji ya mwilini huvikata vifungo hivyo kimoja kimoja. Mabaki yake ni asidi ya glikoli na asidi ya laktiki, na hii ya pili ndiyo iliyomo katika maziwa ya mgando. Iko aina inayoyeyuka upesi, ambayo nguvu zake huisha kwa muda wa wiki mbili hivi, wakati nyama imekwisha kushikana. Katika jaribio lile la 2002, waliolazimika kutolewa vipande vya uzi walikuwa 13 katika kila 100 kwa uzi wa kawaida wa aina hiyo, na 3 tu kwa ule unaoyeyuka upesi. Mjini, kurudi kutolewa uzi ni safari ya basi. Salale ni kusubiri maji yajae tena.

Gundi ya ngozi nayo imejaribiwa, na kwa michaniko midogo ya daraja ya kwanza imeonekana kufaa na kuokoa muda. Kwa misuli haifai. Sioni haja ya kuigombania kwa sasa.

Tena jeraha ambalo halikufanywa halihitaji uzi. Jaribio la Argentina la mwaka 1993, lenye wanawake 2,606, lilionyesha kwamba kumkata kila mwanamke hakumkingi na michaniko mikubwa, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kukata kwa mazoea kusifanywe. Mkasi usitangulie fikira.

Basi maoni yangu ni haya. Mkunga wa zahanati afundishwe mshono wa uzi mmoja kwa vitendo, mpaka mkono wake uuzoee. Na bohari zipeleke uzi unaoyeyuka upesi pamoja na dawa ya ganzi ya kutosha, maana kumshona mtu anayehisi kila tundu la sindano ni ukatili, hata mshono uwe mzuri namna gani. Nitaambiwa kwamba uzi huo ni ghali. Huenda pakiti moja ni ghali, lakini mshono unaoendelea hutumia uzi mchache kuliko mafundo, na katika hesabu ya bei sijaona mahali palipoandikwa siku ambazo mama hawezi kuketi kumnyonyesha mtoto wake.

Nitaambiwa pia kwamba Uingereza si Salale, na hapo nakubali. Wanawake wale hawakupanda ngazi za dungu, wala hawakurudi mapema kwenye maji ya shamba. Ndiyo sababu yafaa tupime wenyewe, na Rufiji si mgeni wa kupima. Katika miaka ya 1990 mradi wa TEHIP ulifanyika Rufiji na Morogoro Vijijini, ukazisaidia halmashauri kugawa fedha za afya kwa kufuata takwimu za maradhi yaliyokuwa yakiwaua watu hasa. Katika muda wa miaka mitano hivi vifo vya watoto wadogo katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Sidai kwamba takwimu peke yake ndizo zilizowaokoa. Lakini wilaya iliyohesabu vifo yaweza kuhesabu maumivu.

Kazi yenyewe haihitaji mashine. Yatosha daftari lenye safu ya aina ya mshono, safu ya aina ya uzi, na mhudumu wa afya wa kijiji, mwanamke ikiwezekana, atakayefika nyumbani siku ya 10, akaketi na mzazi faraghani na kumwuliza: Mama, unaweza kuketi? Unaweza kupanda ngazi? Kisha aandike jibu kama lilivyotoka kinywani mwake.