Ukilipwa Zaidi ya Bei Yako, Usirudishe Chenji

SAUTI YA SOKO
Na Rehema Mwakalinga

Marekani, wanunuzi wengi wa nyumba hawatii saini ya mwisho kabla ya kumleta mkaguzi. Yeye hupanda darini, huchungulia msingi, hujaribu umeme na mabomba, kisha huandika ripoti inayomsaidia mnunuzi kuamua kama anunue, aombe bei ishuke au aachane na nyumba hiyo. Wakaguzi wengi wanajitegemea: mtu, gari lake, ngazi yake na namba ya simu iliyotangazwa kila mahali. Hana mhasibu wala mwanasheria wa kumuuliza. Kwa hiyo matapeli wanampenda.

Mtego huanza kwa ujumbe wenye adabu. Mteja anasema anataka nyumba ikaguliwe, ila yuko mbali kikazi na hataweza kufika. Anauliza bei. Mkaguzi anataja, tuseme, dola 450. Mteja anakubali papo hapo na kuahidi kulipa kwa hundi. Baada ya siku chache inafika bahasha, na ndani yake hundi ya benki ya dola 2,450. Kabla mkaguzi hajauliza, ujumbe mwingine umeingia: hela iliyozidi ni ya msafirishaji wa mizigo, naye hapokei kadi wala hundi. Chukua yako, ongeza dola 50 za usumbufu, zilizobaki mtumie leo hii.

Mkaguzi anaiweka hundi benki. Kesho yake salio limepanda. Anatuma dola 1,950 kwa huyo msafirishaji, tena akijiona amemtendea mteja wema. Wiki moja au mbili zikipita, benki inamwarifu kwamba hundi ni bandia, na inakata dola 2,450 zote kwenye akaunti yake. Zile 1,950 alizotuma zilikuwa jasho lake mwenyewe.

Inakuwaje benki ioneshe fedha ambazo hazipo? Mwaka 1987 Marekani ilitunga sheria ya kuzizuia benki kukalia fedha za wateja kwa muda mrefu. Kwa hundi nyingi, benki inatakiwa kumruhusu mteja atumie fedha ndani ya siku chache za kazi, na kwa hundi ya benki mara nyingi ni siku ya kazi inayofuata. Nia ya sheria ni njema. Lakini ruhusa hiyo hutangulia uhakika. Benki yako inakupa fedha huku ikisubiri benki iliyotajwa kwenye hundi ilipe. Ile ikikataa, deni linakuangukia wewe uliyeipeleka. Tapeli anaishi katika pengo hilo la siku, na haraka yake yote inatoka hapo.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu ya ndugu zetu walio huko, Wakongo, Wakenya, Watanzania na wengine, ambao wamefungua biashara ndogo za usafi, ukarabati, upishi na uchukuzi. Utapeli huu hauchagui kazi. Na wengi wao wamelelewa na pesa za simu.

Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, tumejifunza kinga moja muhimu. Ukipata ujumbe kwamba umetumiwa hela, kisha mtu akapiga akilia kwamba amekosea namba, usiusadiki ujumbe, angalia salio. Salio halijabadilika? Huyo ni tapeli. Hata kama hela imeingia kweli, usimtumie mwenyewe. Mwache aombe muamala urejeshwe kupitia kampuni. Kenya, aliyekosea hutuma ujumbe wa muamala kwenda 456. Tanzania, namba ya tapeli huripotiwa kwa 15040.

Kinga hiyo ya kuangalia salio haifai kitu mbele ya hundi. Kwenye simu, salio humuumbua mwongo; kwenye hundi, salio ndilo linalomfichia siri. Mtu aliyezoea kwamba hela ikionekana imeshakuwa yake ataingia mtegoni akiwa na akili timamu na macho yake mawili. Tuwaambie ndugu zetu jambo hili kabla hawajafungua akaunti ya biashara.

Dalili zipo, na kubwa kuliko zote ni yule mtu wa tatu. Hakuna mteja wa kweli anayempitishia mkaguzi wa nyumba malipo ya mtu mwingine. Anaweza kumlipa mwenyewe. Mara tu unapoombwa kupeleka sehemu ya fedha kwingine, mazungumzo yamekwisha.

Dalili ya pili ni ukimya kuhusu nyumba yenyewe. Anayetaka kutumia akiba ya maisha yake huuliza kuhusu paa, mchwa, unyevu na siku ya kupata ripoti. Tapeli huuliza tu jina liandikwe vipi kwenye hundi. Muulize: nani atanifungulia mlango? Mnunuzi hana ufunguo wa nyumba asiyoimiliki bado, kwa hiyo kwa kawaida kuna dalali. Taka jina lake, kisha utafute mwenyewe namba ya ofisi yake na uthibitishe kwamba nyumba inauzwa.

Tazama pia aliyeandika hundi. Mara nyingi ni kampuni isiyohusiana na mteja wala na nyumba. Pigia benki inayotajwa, lakini usitumie namba iliyochapwa kwenye hundi, kwa maana aliyeghushi hundi anaweza kuwa ameghushi na namba.

Hata hivyo, sikubali mzigo wote utwikwe mtu mdogo. Benki zinajua kwamba hundi inaweza kukataliwa hata baada ya salio kupanda. Ziandike hivyo kwenye programu zao, kando ya kiasi, kwa maneno ambayo fundi aliyechoka atayaelewa. Kampuni za kutuma fedha nazo zina wajibu. Mwaka 2017 Western Union ilikubali kulipa dola milioni 586 katika makubaliano na serikali ya Marekani, ikakiri kwamba ilisaidia utapeli kupita katika mtandao wake. Kampuni kubwa huwajibika pale zinapobanwa, na benki nazo zibanwe.

Aliyekwisha kunaswa asijifiche. Aibu ni ya mwizi. Aipigie benki na kampuni aliyotumia kutuma fedha saa hiyo hiyo, kwa sababu muamala ambao haujachukuliwa bado unaweza kusimamishwa, kisha aripoti kwa mamlaka.

Utapeli huu unawanasa watu waaminifu, kwani asiye mwaminifu angekaa na ile ziada. Basi uaminifu wetu tuupe utaratibu. Andika kwenye mkataba wako kwamba hupokei zaidi ya bei mliyokubaliana. Hundi ikija imezidi, usiiweke benki. Mwambie mteja alete nyingine yenye kiasi sahihi. Mteja wa kweli ataileta, tapeli hatarudi.