Wazee walioirudisha ndege angani

Je, msomaji wangu, unaweza kukubali kufanya kazi miaka kumi na sita bila mshahara, bila marupurupu, na bila hata kuahidiwa kwamba utauona mwisho wa kazi hiyo? Usinijibu upesi. Wengi wetu tukiambiwa tubaki kazini nusu saa zaidi siku ya Ijumaa, nyuso hukunjamana kama ndimu iliyokauka. Lakini kuna watu waliokubali, na kazi yenyewe haikuwa ya kujenga nyumba ya ibada wala kuchimba kisima. Ilikuwa ni kuitengeneza ndege kuukuu ya kuangusha mabomu mpaka iweze kuruka tena.

Ndege hiyo inaitwa Doc, na kisa chake ni cha mji wa Wichita, katika jimbo la Kansas nchini Marekani. Nimekichagua kisa hiki leo kwa sababu ndani yake mna mafunzo mawili, moja tamu na jingine chungu. Tuanze na ndege yenyewe.

Jitu la angani

Doc ni ndege ya aina ya B-29, iliyoundwa na kampuni ya Boeing wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kutoka ncha ya bawa moja hadi nyingine ni mita 43, na kutoka puani hadi mkiani ni mita 30. Ina injini nne, kila moja ikiwa na silinda 18 na nguvu za farasi 2,200. Ukikumbuka kwamba gari la kawaida la familia lina silinda nne tu, utajua tunazungumzia jitu la aina gani. Wahudumu wake, ambao kwa kawaida walikuwa 11, waliketi katika vyumba vilivyojazwa hewa, kama wanavyoketi abiria wa ndege za siku hizi. Kwa hivyo waliweza kuruka juu sana bila kuganda kwa baridi wala kukosa pumzi.

Hata hivyo, injini hizo zilikuwa na tabia mbaya ya kupata joto kupita kiasi na kushika moto. Mnamo Februari 18, 1943, mojawapo ya ndege za kwanza za majaribio iliwaka moto ikiwa angani huko Seattle, ikaangukia kiwanda cha nyama. Rubani mashuhuri Eddie Allen aliangamia pamoja na wenzake wote waliokuwa ndani, na watu kadhaa waliokuwa chini wakafa pia.

Lakini vita havingoji. Kiwanda cha Wichita peke yake kiliunda ndege 1,644 za aina hii. Wanaume wengi walikuwa wamekwenda jeshini, kwa hivyo akina mama na wasichana waliingia kiwandani kushika nyundo na mashine. Doc ilitoka mikononi mwao mwezi wa Machi 1945. Haikuwahi kufika Japani kupigana. Baada ya vita ilipewa kazi za mafunzo na za kupima mitambo ya rada, katika kikosi kilichoziita ndege zake kwa majina ya wale vibete saba wa hadithi ya Snow White. Doc ni mmoja wao.

Uzee wake ulikuwa wa majonzi. Mnamo 1956 ilipelekwa China Lake, katika jangwa la Mojave huko California, iwe shabaha ya wanajeshi wanaojifunza kulenga mabomu. Ndege iliyoundwa kuangusha mabomu ikawekwa chini ingoje kuangushiwa. Kwa bahati haikupigwa sawasawa, na kwa kuwa jangwani hakuna unyevu mwingi, bati lake halikuliwa na kutu kama lingekuwa pwani. Ikakaa hapo, mwaka baada ya mwaka, bila mwenyewe.

Mtu mmoja na ndoto yake

Mnamo 1987 mtu aitwaye Tony Mazzolini aliiona ndege hiyo jangwani, na moyo wake ukanasa. Aliazimia kuitoa na kuirusha. Ungedhani kwamba kitu kilichotupwa kama taka kingetolewa bure. La hasha! Serikali haikuwa tayari kuiachilia hivi hivi, na mojawapo ya masharti yalikuwa atafute ndege nyingine ya vita, aina ya B-25, aikabidhi kwa jumba la makumbusho ili apewe hii. Barua zikaenda, barua zikarudi. Doc ilipovutwa kutoka mahali pake ilikuwa ni 1998, miaka 11 baadaye. Mnamo 2000 ilikatwa vipande, ikapakiwa kwenye malori na kurudishwa Wichita, mji uliyoizaa.

Hapo ndipo mafundi wa kujitolea walipoanza kujitokeza. Wengi wao walikuwa wazee waliostaafu, watu waliokwisha kutumia maisha yao yote katika viwanda vya ndege vya mji huo.

Moto juu ya barafu

Kabla hatujaendelea, hebu nikupeleke kidogo Greenland, kisiwa cha barafu kaskazini mwa dunia, ili uone jinsi kazi ya namna hii inavyoweza kuharibika.

Mnamo Februari 1947, B-29 nyingine iliyoitwa Kee Bird ilipotea njia ikiwa safarini karibu na Ncha ya Kaskazini. Mafuta yalipokaribia kwisha, rubani akaitua juu ya ziwa lililoganda. Wahudumu wote waliokolewa, ndege ikaachwa. Mnamo 1994 kikundi kilichoongozwa na rubani Darryl Greenamyer kilikwenda kuitengeneza papo hapo. Walisafirisha injini nne, rafadha na magurudumu hadi kwenye ziwa hilo, wakafanya kazi kwenye upepo mkali na baridi ya kukata mifupa. Fundi wao mkuu aliugua huko huko, akakimbizwa hospitalini na kufariki. Theluji ikawafukuza.

Mwaka uliofuata walirudi. Mnamo Mei 21, 1995, injini zote nne zilinguruma na ndege ikaanza kusogea juu ya barafu. Wakati huo huo, petroli ya mtambo mdogo wa umeme uliokuwa upande wa nyuma ikamwagika na kushika moto. Watu waliruka nje wakanusurika, lakini Kee Bird iliteketea mbele ya macho yao. Ndege iliyokaa miaka 48 bila kudhurika na baridi iliangamia kwa moto.

Sisemi kwamba watu hao walikuwa wajinga. Walikuwa mafundi stadi, tena mashujaa. Lakini majira mafupi ya kiangazi cha kule yaliwashika shati, na kitu kidogo kisichofungwa imara kikaimeza kazi yote. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka.

Shule isiyo na ubao

Sasa turudi Wichita. Kule hawakuwa na haraka. Kuna tofauti kubwa kati ya ndege ya kutazamwa na ndege ya kuruka. Ya kutazamwa, ukiipaka rangi na kuijaza upepo magurudumuni, imetosha. Ya kuruka ni mambo mengine. Mipira ya ndani hukauka na kupasuka. Waya za umeme huambuka ngozi. Mabomba ya mafuta huziba. Kila kitu hutolewa, husafishwa, hupimwa na kurudishwa, na kikikosekana kipuri hutafutwa michoro ya zamani kikaundwa upya. Sehemu za mkiani zinazoielekeza ndege hazikufunikwa kwa bati bali kwa kitambaa kilichokazwa, kwa hivyo hata ustadi wa kushona na kuvuta kitambaa ulihitajika.

Kisha kuna ribiti, vile vijisumari vifupi visivyo na ncha vinavyoshikanisha mabati. Ribiti moja hupigwa na watu wawili. Mmoja hushika mashine ya kugongea kwa nje, na wa pili, upande wa ndani, hushikilia kipande cha chuma ili ribiti ifumukie hapo na kushika. Hawaonani, lakini ni lazima waelewane. Mmoja akiteleza, kazi imeharibika.

Miongoni mwa waliojitolea kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa msichana wa ribiti katika kiwanda hicho wakati wa vita. Asili yake ni Mexico. Mwenzake wa upande wa pili alikuwa msichana Mwafrika-Mmarekani. Siku hizo ubaguzi wa rangi ulikuwa mkali, na wengine walikataa kufanya kazi na msichana huyo. Mama huyu alikubali, na wakawa wakiziunda pua za ndege hizo pamoja. Miaka zaidi ya 50 ikapita. Doc iliporudi mjini, bibi huyo, sasa mwenye mvi, alikwenda kusaidia kuitengeneza, akakuta ribiti nyingi za pua zingali zimeshika barabara. Tafakari jambo hilo, msomaji. Wale waliowakataa wamesahaulika, lakini kazi ya wasichana wawili walioelewana ingali ipo.

Na hapa ndipo lilipo funzo tamu. Karakana ile iligeuka shule isiyo na ubao. Mzee alionyesha, kijana akatazama, kisha kijana akajaribu mzee akitazama. Kuna mambo ambayo hayamo vitabuni: sauti ya injini inayoanza kuchoka, uzito wa spana mkononi wakati skrubu imekaza vya kutosha. Mambo hayo hukaa mikononi mwa watu, na mtu akifa huzikwa nayo. Iwapo Doc ingewekwa tu ichungulie watalii, maarifa hayo yasingehitajika na yangekufa. Kwa kuwa ilitakiwa iruke, ilibidi yarithishwe.

Haikuwa njia nyororo. Kuna nyakati kazi ilikwama kwa kukosa pesa na mahali. Mnamo 2013 wafanyabiashara na wapenzi wa ndege wa mji huo, wakiongozwa na Jeff Turner, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Spirit AeroSystems, waliunda chama kisicho cha faida kiitwacho Doc's Friends ili kuikamilisha. Mamia ya watu walikuwa wamechangia nguvu zao, na saa walizojitolea zilihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Wengine kati yao walifariki kabla ya kuona matunda.

Jumapili, Julai 17, 2016, Doc ilikimbia uwanjani na kuinuka. Ilikuwa imepita miaka 60 tangu iruke mara ya mwisho. Ilikaa angani dakika chache tu, ikatua salama, na wazee kwa vijana wakalia machozi. Kati ya B-29 karibu 4,000 zilizoundwa, zenye uwezo wa kuruka zimebaki mbili: Doc na nyingine iitwayo FIFI.

Upande wa pili wa shilingi

Najua kuna msomaji ambaye tangu mwanzo anauliza: "Kwani watu hawa wanasherehekea nini? Si hii ni mashine ya kuulia?" Swali hilo ni la haki, na tukilikwepa tutakuwa tunadanganyana.

Mwezi ule ule wa Machi 1945 Doc ilipotoka kiwandani, usiku wa kuamkia tarehe 10, ndege za B-29 ziliumwagia moto mji wa Tokyo na kuua watu wapatao 100,000, wengi wao raia. Agosti 6 mwaka huo, B-29 iitwayo Enola Gay iliangusha bomu la atomiki Hiroshima. Siku tatu baadaye nyingine iitwayo Bockscar ikafanya hivyo Nagasaki. Hata Wamarekani wenyewe hawajakubaliana jinsi ya kulisimulia jambo hilo. Jumba la makumbusho la Smithsonian lilipotaka kuionyesha Enola Gay mnamo 1995 pamoja na maelezo ya mateso ya Wajapani, wanajeshi wa zamani walikuja juu, maonyesho yakabadilishwa, na mkurugenzi akajiuzulu.

Kwa maoni yangu, kuificha mashine hakumfufui hata mtoto mmoja wa Hiroshima. Lakini kuirusha na kushangilia ngurumo yake bila kutaja ilichofanyia watu ni kuwazika wafu mara ya pili. Mzee anayemfundisha kijana kupiga ribiti ana deni la kumwambia pia ribiti ile ilishikilia nini. Ufundi bila kumbukumbu ni kisu mkononi mwa mtoto. Hilo ndilo funzo chungu, nami naona yafaa yanywewe pamoja na lile tamu, katika kikombe kimoja.

Basi, wazazi na wanafunzi, leo mchana mkimaliza chakula, hebu geukeni mmtazame mzee aliye karibu nanyi. Huenda ni babu aliyekuwa fundi wa reli, au nyanya ajuaye kusuka kitu ambacho hakuna binti yake anayekiweza. Muulizeni mikono yake inajua nini, na kazi ile ilimsaidia nani na kumuumiza nani. Kisha mwombeni awaonyeshe, nanyi mjaribu yeye akitazama. Msingoje mpaka mikono hiyo ikunjwe kifuani.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.