Eti Sumbawanga Hakuna cha Kuona?

Nimekuwa kimya hapa wiki mbili na wengine mmeanza kuuliza nimepotelea wapi. Nilikuwa Rukwa. Sikutumwa na ofisi, hakukuwa na semina wala posho. Tulichanga hela ya mafuta vijana watatu, tukaazima Corolla ya shemeji wa mmoja wetu, tukaenda kutembea. Ndiyo, Sumbawanga. Kutembea.

Chanzo ni picha. Dada mmoja tuliyesoma naye chuo alikuwa amerudi kutoka Meksiko. Yeye na mumewe walikodi gari wakaendesha wenyewe mji hadi mji: Guanajuato, San Miguel de Allende, Puebla, mpaka baharini Oaxaca. Tukazunguka meza kuangalia picha: mitaa ya mawe, makanisa ya Wahispania, kuta za rangi, watu wanakula barazani. Mmoja wetu akashusha pumzi akasema, "Bongo hatuna kitu kama hicho." Meza nzima ikaitikia. Na mimi nikaitikia. Nilipofika nyumbani nikaanza kujiuliza nimeitikia nini.

Kesho yake nikatangaza chumba cha habari kwamba nakwenda Sumbawanga, halafu nashuka Kasanga ziwani. Kicheko chake! "Usigombane na mtu huko, utapigwa radi mchana kweupe." "Gari la nini sasa, si mpande ungo tu?" "Ukirudi na mkia usije ofisini." Mnazijua hizo. Ni utani wa nchi nzima na Wafipa wenyewe wanaucheka. Ila ngoja niseme jambo moja. Hao waliocheka ni wahitimu wa vyuo vikuu, na ndio wanaowaandikia Watanzania magazeti. Hakuna hata mmoja aliyeweza kunitajia kitu kimoja kilichopo Ufipa nje ya uchawi na mahindi.

Nami sikuwa na haki ya kuwahukumu. Nitaeleza sababu huko mbele.

Tuanze na hiyo Meksiko. Guanajuato ni mji wa migodi ya fedha. Uliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1988, San Miguel ukafuata 2008. Mwaka 2001 serikali ya Meksiko ilianzisha mpango wa kuchagua miji midogo yenye historia na kuitangaza. Ile miji haikupata bahati tu. Wenyewe walikaa wakaamua kwamba kanisa lililojengwa kwa jasho la babu zao ni mali yao, na soko la nyuma ya kanisa ni mali yao, na anayetaka kuviona aje, alale, ale, alipe. Sisi tunavuka bahari kwenda kulipa, tunarudi na picha, tunasema kwetu hakuna.

Haya, twende Rukwa.

Kutoka Tunduma mpaka Sumbawanga ni kilometa 223 za lami. Wazee wa huko watakusimulia enzi ambazo safari hiyo wakati wa masika ilikuwa ni kulala njiani kwenye tope. Lami ilijengwa kwa fedha za Wamarekani kupitia mpango wa MCC, na leo Corolla inapita bila kulalamika. Kutoka Sumbawanga kupitia Matai mpaka Bandari ya Kasanga ni kilometa 112 nyingine. Unaanzia kwenye uwanda wa juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, baridi inakuuma masikio, milima ya Mbizi iko nyuma yako. Unaishia ziwani, chini kidogo ya mita 800, umeshavua sweta na unanunua migebuka. Ndani ya siku moja umebadilisha hali ya hewa kabisa, na ukishuka hivyo unakuwa umetoka kwa Wafipa umeingia kwa Walungu. Nani alitudanganya kwamba sisi hatuna njia ya namna hiyo?

Njia tunayo. Tusichokijua ni kile tunachokipita.

Pale Sumbawanga kuna kata inaitwa Milanzi. Ukimwuliza bodaboda atakupeleka, ila hatakuambia kwamba Milansi ndiyo dola kongwe ya Ufipa, dola ya wahunzi, kabla ya Nkansi na Lyangalile. Wafipa wana simulizi yake. Mfalme wa Milansi alikwenda kuwinda, akamwachia mkewe nyumba na kigoda cha ufalme. Wakaja wanawake watatu wageni, wakakikalia kigoda. Mfalme kurudi, akakuta mambo yameshakwisha. Utawala wa nchi ukawa wa wageni, yeye akabaki na mlima wake na heshima ya matambiko. Mwingereza Roy Willis aliishi Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, akasikiliza, na mwaka 1981 akatoa kitabu kizima juu ya jinsi dola ilivyozaliwa kule. Kitabu kiko kwa Kiingereza, kwenye maktaba. Mimi nimesoma Tanzania toka darasa la kwanza mpaka shahada, nimefundishwa Zulu na Asante. Milansi nimeisikia ukubwani.

Halafu chuma. Wafipa walikuwa wanayeyusha chuma kwenye matanuru ya udongo marefu kuliko mtu, wanayaita malungu. Tanuru linavuta hewa lenyewe kwa matundu ya chini, bila mivukuto. Kinachotoka kinasafishwa tena kwenye tanuru dogo la pili, hapo ndipo mivukuto inapotumika, kisha mhunzi anafua jembe. Huo ni ufundi wenye hatua na vipimo. Profesa Bertram Mapunda, Mtanzania mwenzetu aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, amefanya kazi kubwa ya kuuchunguza na kuuandika. Baada ya chuma cha dukani kuzagaa, moto ukazimika. Matanuru yakabaki yamesimama mashambani.

Sasa ile sababu niliyoahidi. Miaka miwili iliyopita nilikuwa zamu ya usiku ofisini. Mwandishi wetu wa mkoani alituma habari mbili kwa pamoja. Moja ilikuwa ya mzee aliyetuhumiwa uchawi kijijini. Nyingine ilikuwa ya tanuru la kale lililovunjwa kupisha shamba. Ya uchawi ikatoka ukurasa wa tatu, na kichwa cha habari nilikitunga mimi, nikakisifia. Ya tanuru niliifuta kwa mkono wangu. Ilikuwa ndefu, na nilijiambia kwamba hakuna atakayeisoma.

Safari hii nilikitafuta kile kijiji. Tulimkuta mzee mmoja amekaa nje kwake, tukamwamkia, tukaeleza shida yetu. Akachukua fimbo, akatutangulia. Akatusimamisha kwenye mahindi akasema, "Ndiyo hapa." Nikainama nikaokota vipande vya udongo ulioungua na mavi ya chuma, mazito, meusi. Basi. Akatuonyesha jingine ng'ambo ya shamba, limesimama bado, limenizidi urefu, mti umeota katikati na ufa umeshuka mpaka chini. "Mwalimu wa shule alileta watoto mara moja," akasema. "Gazeti tulisikia lilikuja, lakini kwa yule mzee mwingine." Sikuwa na jibu. Nilimwuliza mwenye shamba kwa nini alivunja. Akanijibu kwa adabu kabisa: "Mwanangu, nani aliniambia nisivunje?"

Jamani, hilo ndilo swali. Nani alimwambia?

Twende mbele. Kabla ya Kasanga unachepuka kwa barabara ya vumbi kwenda maporomoko ya Kalambo. Maji yanaanguka zaidi ya mita 200 kwa mara moja, karibu mara mbili ya urefu wa maporomoko ya Victoria. Mto ndio mpaka wetu na Zambia. Juu kidogo ya maporomoko, upande wa Zambia, Desmond Clark alianza kuchimba mwaka 1953. Mwaka 2023 watafiti walitangaza kwenye jarida la Nature kwamba wamepata pale magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa, ya miaka takriban 476,000. Hao waliochonga waliishi kabla binadamu wa aina yetu hajatokea. Dunia ilishtuka. Siku tuliyokuwa pale, upande wetu, tulikuwa watatu na kijana aliyetuelekeza njia.

Halafu Kasanga yenyewe. Wajerumani waliita Bismarckburg, wakajenga boma. Juni 1916 Waingereza wakaliteka. Ziwani, Waingereza walileta mashua mbili, Mimi na Toutou, zilizovutwa nchi kavu kupitia milima ya Kongo. Wajerumani walikuwa na Graf von Götzen, meli iliyotengenezwa Papenburg, ikaletwa vipande vipande na kuungwa Kigoma. Waliizamisha wenyewe Julai 1916. Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, jina la kale la ziwa upande huu wa kusini. Kwa miongo mingi hiyo hiyo Liemba ilibeba bibi zetu na dagaa wao kutoka Kigoma mpaka Kasanga na Mpulungu. C. S. Forester aliandika riwaya mwaka 1935 iliyotokana na vita ile, mwaka 1951 ikawa filamu, The African Queen, ikapigwa Kongo na Uganda. Ziwa letu, meli yetu, na hata picha hazikupigwa kwetu!

Najua kuna watakaosema, "Ndugu mwandishi, unataka tukapige magoti kwenye magofu ya mkoloni?" Hapana. Boma lile halikujengwa na Wajerumani kwa mikono yao. Na vita ile iliua wapagazi wa Kiafrika maelfu kwa maelfu. Ukienda, nenda kwa ajili ya hao. Tena uzuri wa njia hii ni kwamba mkoloni ni tabaka jembamba tu juu. Chini yake kuna matanuru, kuna Milansi, kuna magogo ya Kalambo. Anayeogopa kuangalia boma ndiye anayempa mkoloni ukubwa asiostahili.

Wengine mtasema serikali ijenge hoteli kwanza. Serikali ina lake la kujibu, sikatai. Lami ile inapitisha saruji na mahindi ya Kongo vizuri sana, lakini njia nzima sikuona kibao kimoja cha kuniambia hapa palikuwa na nini. Kibao ni mbao mbili na rangi. Halmashauri zinashindwa? Wenzetu wa Mbala, hapo tu ng'ambo ya mpaka, wana makumbusho ya Moto Moto, na Mbala ndiko von Lettow-Vorbeck alikosalimu amri Novemba 1918. Si nchi tajiri kuliko sisi.

Lakini usijifiche nyuma ya serikali. Gari unalo, au la shemeji lipo. Gesti Sumbawanga zipo, safi, na maji ya moto utaletewa kwenye ndoo. Kila Pasaka unakwenda Zanzibar kupiga picha mlango uleule aliopiga mwenzako mwaka jana. Sikukatazi. Nasema mara moja tu, geuza gari Tunduma.

Na kwa wenzangu wa kalamu: huu utani wa radi na ungo si wa bure. Katika nchi hii vikongwe wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi. Kila tunapouandika mkoa mzima kama kiota cha wachawi, tunampa mtu mwenye panga kisingizio. Ajabu ni kwamba wenyeji wengi watakuambia jina Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Mji umejitangaza tangu mwanzo kwamba huo uchawi utupwe. Sisi ndio tunaouokota na kuurudisha, kwa sababu unauza nakala.

Nimeshamwomba mhariri nafasi ya kuandika ile habari niliyoifuta. Ameniambia atafikiria. Akikataa nitaiweka hapa hapa, na picha za lile tanuru lenye ufa. Masika ijayo sijui kama litavuka.

Wageni wamekaa kwenye kigoda na wameandika vitabu. Wenye nyumba bado tuko porini, tunawinda picha za Meksiko.

Naomba kuwasilisha.